Lalamika, Mwanangu, Kisha Ujiandikishe

Mwanangu Kadzo,

Salamu nyingi kutoka hapa Kaloleni. Sote tu wazima, na baba yako mguu umepoa.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hukatizana maneno, na jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho. Ni lile alilokwambia mjomba wako matangani mbele za watu: kwamba asiyepiga kura hana ruhusa ya kulalamika, nawe 2022 hukupiga, basi unyamaze. Ukanyamaza. Sikumjibu siku ile kwa kuwa tulikuwa na msiba, naye ni kaka yangu mkubwa.

Mjomba wako amekosea. Nasema hivyo mimi ambaye sijaacha kupiga kura tangu nipate kitambulisho, na ambaye nimekaa kituoni kama karani nikiwachovya watu kidole kwenye wino. Kura naiheshimu sana, na ndiyo maana inaniuma kuiona ikigeuzwa kuwa kitu cha kuwaziba watu midomo.

Hebu lifuate neno lake uone linakofika. Asiyepiga kura anyamaze. Haya. Aliyepiga kura na mtu wake akashindwa, huyo huambiwa: mlishindwa, kubalini, waacheni wenzenu wafanye kazi. Aliyepiga kura na mtu wake akashinda, naye huambiwa: si wewe uliyemweka? Walalamika nini? Ukishawaondoa hao wote watatu, nchi nzima haina wa kusema. Anayefaidi ni aliyeketi kitini. Mimi nimewasikia wanasiasa wakilitumia neno hilo kwenye mikutano, tena kwa sauti ya upole kama ya mzazi, na kila mara najiuliza ni jambo gani wasilotaka kuulizwa.

Katiba yetu ya 2010 haikufungamanisha mambo hayo mawili. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi awe kwa amani na bila silaha. Kila mtu. Kijana wa miaka 16 anayenunua bando la simu analipa ushuru humo humo kwenye bando, na hakuna anayemwomba kadi ya mpiga kura kabla ya kumkata. Kama pesa yake inachukuliwa bila kuulizwa alipiga kura wapi, basi na akiuliza imekwenda wapi ajibiwe.

Na sisi wa huku Kilifi ndio watu wa mwisho kufaa kulisema neno la mjomba wako. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi ya nyumba, na wakataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akakusanya watu, viapo vikaliwa Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama. Walimkamata wakampeleka Kisii, mbali kabisa, akatoroka na kurudi kwa miguu. Serikali aliyoilalamikia hakuichagua, na yenyewe isingekubali aichague. Mwafrika wa nchi hii hakupata kuchagua wajumbe wake wa Baraza la Kutunga Sheria mpaka 1957, na hata hapo kwa masharti ya elimu, mapato na mali, na mwenye sifa nyingi aliruhusiwa kupiga hadi kura tatu. Ronald Ngala wetu aliingia barazani mwaka huo, mmoja wa Waafrika wanane. Kabla yake ni miaka mingi ya watu wasio na kura waliokataa kunyamaza, na kura hiyo ilitokana nao.

Usidhani hayo ni ya kale tu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wamezaa na kuzikana hapa Pwani vizazi na vizazi bila vitambulisho. Hakuna kitambulisho, hakuna kura. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi kwenda kumwona rais, wakaahidiwa, na mwaka uliofuata wakawa na vitambulisho mkononi na wakapiga kura kama wewe na mimi tungepiga. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri zaidi, wakatambuliwa 2023. Jaribu kumweka mjomba wako kwenye barabara ya Mombasa awasimamishe wale Wamakonde na kuwaambia warudi, kwa kuwa hawakupiga kura. Angeona aibu mwenyewe, namjua.

Basi haki ya kulalamika unayo, na asikutishe mtu nayo, hata awe damu yetu.

Sasa nije kwako. Wewe si Mmakonde wa 2016. Kitambulisho unacho, kituo kilikuwa karibu, na siku ile ilikuwa mapumziko. Uliniambia kura huibwa na kwamba wote ni wale wale. Sitakudanganya kwamba umeota. Mwaka 1988 chama tawala cha KANU kiliwapanga watu foleni nyuma ya picha za wagombea, tukauita mlolongo, na mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Mwaka 2007 matokeo yalizua mauaji, na watu zaidi ya 1,000 walikufa. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. Mtu mwenye kumbukumbu hizi akiwa na shaka, shaka yake imetoka mahali.

Lakini angalia kilichofuata 2017, maana kuna jambo humo ambalo vijana wenzako mnaliruka. Uchaguzi wa marudio ulikuwa Oktoba 26, na Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, aliwaambia watu wake wasiende. Waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Miezi michache baadaye, Machi 2018, yeye na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais, walipeana mkono wa mapatano. Kwa nini kule kutokwenda kulisikika? Kwa sababu miezi miwili nyuma watu hao hao walikuwa wamempa zaidi ya kura milioni 6, na kila mtu alijua kura hizo zipo na zimezuiliwa kwa makusudi. Aliyesusia alikuwa na kitu cha kususia. Ukikaa nyumbani tangu mwanzo, na jina lako halipo hata kwenye daftari, hakuna anayejua kwamba umekataa. Utahesabiwa pamoja na mgonjwa, msafiri na yule aliyelala tu.

Hili nalijua kwa kukaa kituoni. Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa mlangoni, na wanasiasa wanaoijua kazi yao hunakili kila kituo. Wanajua kituo fulani kina watu 600 na wamekuja 200. Hawajui kwamba wale 400 wamekasirika kwa sababu maji hayatoki tangu Januari. Wanachokiona ni kwamba mahali hapo hapapigi kura, na mwaka wa kugawa barabara na visima ukifika, wanapeleka kule ambako watu hujitokeza na wanaweza kuwaadhibu. Mwaka 2022 Mombasa haikufika hata nusu ya waliojiandikisha. Sisi Kilifi hatukuwa mbali nao. Kisha tunakaa barazani tukisema Pwani tumesahauliwa. Tumesahauliwa kweli, Kadzo, nami nitalisema mpaka nife, ila mwenye kutusahau hajawahi kulipia.

Haki ya kulalamika ni moja, na kulalamika kukamgharimu mtu ni jambo jingine. La kwanza umezaliwa nalo. La pili hulipati kwa hasira peke yake.

Najua utaniambia maandamano ya Juni 2024. Nami nilikuwa naangalia televisheni nikiomba Mungu, kwa sababu nilijua uko mjini na simu yako haishiki. Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa wenye magari, na mkaukataa. Wengi wenu hamkuwa mmepiga kura 2022, wengine hata umri haukuwa umefika, na mlifanya ambalo sisi wapiga kura wa miaka yote hatukulifanya. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa. Siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Kuna watoto wa watu waliouawa kwa hilo. Kila nikilifikiria nashukuru kwamba wewe ulirudi, na nafsi yangu inanisuta kwa kushukuru, kwa sababu kuna mama mwenzangu ambaye wake hakurudi. Mtu asiniambie mbele ya makaburi hayo kwamba vijana hawana ruhusa ya kusema kwa kuwa hawakupanga foleni Agosti.

Lakini Desemba ya mwaka huo huo ukapita mswada mwingine wa kodi, na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni yakarudi humo. Bungeni walikuwa wale wale waliochaguliwa 2022. Barabarani hapakuwa na mtu. Haiwezekani watu wawe barabarani kila wiki, wana kazi, wana watoto, na risasi si kitu cha kuzoea. Ndiyo maana mimi naumia na vile viti. Mliuzuia mswada kwa damu, na aliyeuunga mkono akabaki na kiti chake kwa sababu kiti hakiondolewi kwa maandamano.

Utasema kura yako moja haiondoi mtu. Urais wa 2022 uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000, ilhali waliojiandikisha na wasiende walikuwa zaidi ya milioni 7. Lakini acha urais, ni mbali. Njoo Magarini, hapa hapa kaunti yetu. Kiti cha ubunge mwaka huo, wa kwanza na wa pili walitofautiana kwa kura 21. Kesi ikaanza Malindi ikafika Mahakama ya Juu, uchaguzi ukafutwa, na kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu mapema 2023 mpaka Julai 2025, watu wa Magarini wakasubiri uchaguzi mdogo hadi Novemba 2025. Kura 21. Matatu moja na nusu. Kwenye harusi ya dada yako walikuja watu wa Magarini zaidi ya hao, na nakumbuka wengine wakijisifu kwamba siasa si yao.

Nami sitaki uone kwamba namtetea mpiga kura kila anapokaa. Kuna mtu anayepiga kura siku moja kisha akalala miaka 5. Kaunti huita vikao vya bajeti, tunatangaziwa mpaka kanisani na msikitini, na tukienda tunajikuta wachache, wengi wetu wanawake, tukijadili zahanati na barabara za watu elfu kadhaa. Mjomba wako hajakanyaga hata kimoja. Ukimpima kwa kipimo chake mwenyewe, yeye alipiga kura na halalamiki kabisa, na huyo ndiye raia anayependwa na viongozi kuliko wote.

Basi ninachokuomba ni hiki. Uandikishaji umefunguliwa tena tangu mwisho wa Septemba 2025, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Jiandikishe. Na ujiandikishe mahali utakapokuwa siku hiyo, si mahali moyo wako ulipo. Wapo wengi wa kwetu walioandikwa huku nyumbani wakiwa wanafanya kazi Nairobi, Agosti ikifika nauli imepanda, bosi hatoi ruhusa, na jina linabaki daftarini bila mtu. Kama unadhani utakuwa bado Embakasi, andikwa Embakasi. Ukihama, kuhamisha kituo kunawezekana, mradi usingoje dakika ya mwisho.

Utapewa karatasi 6. Usiangalie ile ya rais peke yake. Ile ya MCA, mwakilishi wa wadi, ndiyo watu huikunja bila kuisoma, na ndiyo ya taa za mtaani, takataka na mitaro ya huko unakokaa, ambayo hunilalamikia kila tukizungumza. Anza na hiyo. Wajue wagombea wake kwa majina kabla ya siku. Na kama kwenye karatasi nyingine hukumwona mtu wa kumpa kura kwa dhamira safi, itumbukize bila alama. Itawekwa pamoja na kura zilizokataliwa, ambazo za urais 2022 zilipita 113,000, nayo itatangazwa. Angalau itajulikana kwamba mtu alikuja, akasimama foleni, akasoma majina yote na hakuridhika na hata moja.

Ukishindwa kukubaliana nami, niandikie sababu zako kwa urefu kama mimi nilivyokuandikia. Usiniambie tu "mama achana nayo." Na ukienda Huduma Centre, badilisha kwanza kile kitambulisho ulichosema kimefutika jina, chukua karatasi ya kusubiria, na uiweke mahali utakapoiona, maana kadi mpya huweza kuchelewa na bila kadi mkononi karani atakurudisha.

Baba yako anakusalimu. Mbeyu anauliza kama utakuja Desemba ama akungoje Pasaka.

Mama yako