RB siyo upelelezi, tuambieni kama jalada limefunguliwa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongelee hili la kesi zetu kufia kaunta ya kituo cha polisi.

Watu wengi hapa Dar tunaamini ukishapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, basi upelelezi umeanza, kumbe RB inaonyesha tu kwamba taarifa yako imepokelewa ikaandikwa. Mpaka lifunguliwe jalada lenye namba ya IR, yaani ya rejista ya upelelezi, na apangiwe mpelelezi, hakuna anayemtafuta mwizi wako. Na hapo katikati kuna mtu anaamua ipi iendelee na ipi ilale, wewe mlalamikaji huambiwi chochote, unabaki kwenda na kurudi.

Sisemi polisi wasichague. Wapelelezi ni wachache, mauaji na ubakaji lazima vitangulie mbele ya simu iliyokwapuliwa na bodaboda, nani atabisha. Na kuna kesi kweli hazina pa kuanzia, mtu kaibiwa kwenye msongamano hata sura ya mwizi hajaiona.

Ila jirani yangu mama ntilie kavunjiwa kibanda, wamebeba jiko, mtungi wa gesi na hela ya kikoba, kuna kijana aliwaona na akawataja kwa majina, duka la mbele lina kamera, yaani pa kuanzia papo kabisa! Akaambiwa mama ukiwaona tupigie. Kurudi mara ya pili akaulizwa hela ya mafuta ya gari. Sasa hapo kigezo ni nini jamani? Kama ni ushahidi, ulikuwepo, na kamera nyingi zinafuta picha za zamani zenyewe kwahiyo ukichelewa umeupoteza. Kama ni thamani ya mali basi mnyonge hatapelelezewa milele, maana lile jiko kwa mwenye kampuni si kitu ila kwa yule mama ndo mtaji wote.

England na Wales wana mwongozo wa haki za wahanga, polisi wakiamua kutopeleleza kesi yako unatakiwa uelezwe sababu ndani ya siku 5 za kazi. Huko nako kesi nyingi zinaachwa, lakini mtu anajua kimeamuliwa nini.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyoangalia namna ya kuboresha polisi na vyombo vingine vya haki jinai, ilishamkabidhi Rais ripoti Julai 2023, na sijui kwanini hili dogo lisubiri mabadiliko makubwa wakati namba zetu za simu tunaziacha pale pale kaunta. Tutumieni meseji tu. Jalada limefunguliwa, IR namba fulani, mpelelezi fulani. Au, hatuendelei kwa sababu hii, kama hujaridhika nenda kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya. Na hiyo sababu iandikwe kituoni pamoja na jina la aliyeamua, ili RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, akija kukagua aone nani kaiacha kesi yenye majina na kamera.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam