Barua kwa Swahiba Anayeambiwa Arahisishe

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi huku hatujambo, na natumaini kwamba wewe na wa nyumbani mnaendelea vizuri. Barua yako pamoja na ule ukurasa wa kijitabu cha vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vilinifikia Jumatano, nami nimeusoma ukurasa huo mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloniuliza limewahi kuninyima usingizi mimi pia. Unasema kwamba mteja amekurudishia muswada kwa mara ya tatu akiwa ameandika pembeni "lugha ngumu, rahisisha zaidi", na sasa unataka kujua mwandishi ateremke mpaka wapi kabla kazi yake haijageuka kuwa uharibifu.

Niwie radhi nikianza kwa kukuudhi. Mteja wako ana haki katika jambo moja. Itazame sentensi yako ya tano: "Mwanakikundi atakayeshindwa kurejesha mkopo wake ndani ya muda ulioainishwa atatozwa faini kwa mujibu wa katiba ya kikundi." Humo sioni neno linaloweza kumshinda mama wa kikoba cha Mbagala; faini anaijua, tena huenda amewahi kuilipa, na katiba anaijua kwa kuwa hukaa ndani ya sanduku pamoja na madaftari ya hisa. Kinachomchosha ni kwamba anasoma maneno tisa kabla ya kufika kwenye adhabu, na muda wote huo hajajua kuwa anayesemwa ni yeye. Mimi ningeandika hivi: "Ukichelewa kurejesha mkopo, utatozwa faini. Kiasi cha faini kimeandikwa katika katiba ya kikundi." Nilipofika hapo nikataka kuongeza ni kuchelewa kwa siku ngapi, nikapekua ukurasa mzima na kugundua kwamba huo "muda ulioainishwa" hukuuainisha popote. Sentensi ndefu ilikuwa imekusitiri. Ndiyo maana napenda kurahisisha hata pale ambapo mteja hajaniomba: humuumbua mwandishi akiwa bado peke yake chumbani, kabla hajaumbuka mbele za watu.

Lakini pale mteja alipokata neno "dhamana" na kuandika juu yake "kitu cha kuweka", simuungi mkono hata kidogo. Kwanza, neno hilo mama huyu atalikuta tena siku atakapokwenda kwenye SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, au benki, limechapwa katika fomu, na hapo hatakuwepo mtu wa kumbadilishia. Na Mungu apishe mbali, ndugu yake akikamatwa, atalisikia kituo cha polisi kwa maana nyingine kabisa. Tukimnyima neno leo kwa kumhurumia, kesho atalipia ujinga tuliomwachia. Pili, na hili ndilo zito zaidi, "kitu cha kuweka" hakisemi kwamba kitu hicho kinaweza kuchukuliwa. Cherehani iliyowekwa dhamana si cherehani iliyohifadhiwa. Liache neno, kisha ulieleze mara moja tu, mahali linapotokea kwa mara ya kwanza: "dhamana, yaani mali yako ambayo kikundi kitaichukua usipolipa mkopo". Maelezo hayo yameongeza maneno manane katika ukurasa wako na hayajamzidishia msomaji ugumu wowote.

Nina sababu ya kuwa mkali hapo. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya mikopo, ambayo jina lake nalihifadhi, ilinipa kazi ya kuandika kipeperushi. Katika rasimu yangu nilieleza kwamba anayekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, atalipa riba ya shilingi 360,000. Nikaongeza kwamba riba hiyo hiyo ingekokotolewa juu ya deni linalobaki, huku mkopaji akipunguza deni kwa kiasi kilekile kila mwezi, angelipa shilingi 195,000. Niliiona aya hiyo kuwa ndiyo roho ya karatasi nzima. Meneja masoko alinieleza kwa upole mwingi kwamba wateja wao hawapendi mahesabu, akaifuta, akaweka "riba nafuu ya asilimia 3 tu". Hakuna atakayekana kwamba maneno hayo ni rahisi. Mtoto wa darasa la tatu anayasoma bila kukwama. Lakini zile shilingi 165,000 za tofauti zilikuwa zimefukiwa chini yake. Nami nilinyamaza, nikapokea malipo yangu, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Sikuelezi haya kwa kujivuna.

Tangu siku hiyo, kila ninapoletewa kazi huuliza kwanza msomaji atafanya nini na karatasi hii baada ya kuisoma. Atalipa? Atapima? Atatia saini? Atakataa? Ninachokiondoa ni kile kinachomzuia kufanya hivyo, na nikifika mahali ambapo kuondoa zaidi kutamfanya akosee, naweka kalamu chini hata kama mteja anaendelea kuninung'unikia.

Jambo hili lilinikaa sawasawa nilipoandika kipeperushi cha tiba ya kuhara kwa watoto. Maelekezo ya zinki unayajua: mtoto wa miezi sita au zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji yaliyochanganywa na ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini. Nilikuwa nimeandika mwishoni "hata kama kuhara kumekoma", na mhariri wa upande wa mteja akayakata maneno hayo manne kwa kuwa sentensi ilimzidi urefu. Sasa fikiri: kuhara kunaweza kukoma siku ya tatu, mama akashukuru Mungu, akavifunga vidonge vilivyobaki katika pindo la khanga akivitunza kwa ajili ya safari nyingine. Kumbe zile siku zilizobaki ndizo zinazokamilisha dozi, na dozi kamili humpunguzia mtoto uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Maneno manne yaliyokatwa ndiyo yaliyobeba dawa.

Nilichukua karatasi ile nikaenda nayo kwa mama lishe ninayekula kwake mchana. Sikumuuliza kama ameelewa, kwa sababu kwetu ukimuuliza mtu "umeelewa?" atakujibu "nimeelewa" kwa heshima tu, usije ukaona aibu wewe uliyeandika. Nilimsomea, kisha nikamwomba anieleze mdogo wake afanye nini mtoto akiharisha. Alisimama na upawa mkononi, akafikiri, akasema: "Kwa hiyo amalize zile siku kumi, hata mtoto akianza kucheza?" Mara moja nikajua kwamba sentensi yangu ilikuwa sahihi na yake ni bora. Karatasi ilikwenda kuchapishwa ikiwa na maneno "hata kama mtoto ameanza kucheza", na mhariri hakuyagusa. Siku hiyo hiyo aliniuliza lita moja ya maji ya kuchanganyia pakiti ya ORS ataipimaje, nami nikaongeza kwamba ni chupa mbili za nusu lita zilizojaa. Kipeperushi kikarefuka, na ndipo kikawa rahisi. Wateja wengi hudhani kwamba kurahisisha ni kufupisha, na hapo ndipo tunapogombana nao bure, kwa sababu mara nyingi msomaji hukwama kwa lile tuliloliruka.

Kuhusu maneno mageni, usiwe mwoga kama mteja wako. Unakumbuka watu walivyolicheka neno "kishikwambi", yaani tableti ya kidijitali? Ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa wamevishika mikononi, na hao hao waliocheka wakaanza kulisema bila kutabasamu. Neno hulainika likiwa na kitu cha kushikwa. Ninalolikataa ni neno linaloingizwa ili mwandishi aonekane msomi, na sisi sote wawili tumewahi kulifanya kosa hilo, wewe zaidi.

Umeniuliza pia kama nasema hayo hayo kuhusu hadithi zako. Sisemi. Msomaji asiyeishika tamathali kwa mara ya kwanza hapotezi cherehani wala hamkosei mtoto dozi, atairudia akipenda. Marehemu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, washairi wa mapokeo walimjia juu, naye alitetea matumizi ya lugha ya kila siku ya watu. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kutuandikia Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo wasomi wanavizozania mpaka leo. Kwa hiyo mhariri akikutaka ufafanue methali uliyomtia mhusika kinywani, mkatalie kwa adabu. Akikuambia kwamba hakuelewa nani amemuua nani, msikilize.

Ushauri wangu kwa sasa ni kwamba usibishane tena na mteja kwa barua pepe. Mwombe mwende wote kwenye mkutano wa kikundi kimoja, siku ya kununua hisa, mkawasomee wanachama kurasa mbili hivi, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake nini kitampata asipolipa. Yeye atasikia mahali ulipowaacha nyuma, na atasikia pia namna wanavyolitamka neno "dhamana" bila kujikwaa.

Ukurasa wako naurudisha pamoja na barua hii. Nimeandika kwa penseli ili uweze kufuta. Sentensi ya tano nimeipasua vipande viwili, dhamana nimeirudisha mahali pake pamoja na maelezo yake, na pale palipokuwa na "muda ulioainishwa" nimeacha nafasi wazi, kwa kuwa idadi ya siku mnaijua wewe na mteja wako.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote