Unahamia Dar na mtoto wa sekondari, unalea peke yako: mtaa uchague vipi?

Kazi yetu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga. Mzazi anayelea peke yake akitupigia simu, swali la kwanza huwa ni kodi: nyumba ya laki mbili na nusu inapatikana wapi? Sisi humrudishia maswali mawili kabla hatujataja nyumba yoyote. Mwanao anatoka shule saa ngapi? Na wewe unafika nyumbani saa ngapi?

Kwa mwanafunzi wa kutwa hapa Dar es Salaam, masomo huisha kati ya saa 8:30 na saa 9:30 alasiri. Mzazi anayefunga kazi Kariakoo au Posta saa 11:00 jioni, kwa foleni zetu, anagusa mlango wake saa 1:30 au saa 2:00 usiku. Hapo katikati pana saa nne hadi tano na nusu. Kwenye nyumba yenye baba na mama, au yenye bibi au shangazi, saa hizo zina mtu. Kwako wewe hazina. Mtaa utakaouchagua ndio utakaokaa na mwanao muda huo, siku tano za wiki, na kama Jumamosi unafanya kazi, siku sita.

Kwa hiyo sisi tunaanza na shule, tunafuata njia ya kwenda na kurudi, kisha mtaa, na nyumba inakuja mwisho. Ukianzia kwenye nyumba utapata vyumba vizuri Goba, ulipe miezi sita, halafu mtoto apate nafasi shule ya Temeke. Hapo mtoto anaamka saa 10:00 alfajiri kila siku ya Mungu, na kodi hairudi.

Shule kwanza, na karatasi zake

Uhamisho wa shule ya serikali unaanzia shule anayotoka. Unamwandikia barua mkuu wa shule ukieleza sababu na kutaja shule unayoiomba. Akiipitisha, shule mnayokwenda inathibitisha kwamba nafasi ipo, kisha barua inapita kwa maofisa elimu, na kwa kuwa mnavuka mkoa, mikoa yote miwili inahusika. Mwisho, taarifa za mtoto zinahamishwa kwenye mfumo, kwa hiyo uwe na namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi.

Barua hukwama kwa mambo madogo. Mzazi ameandika "shule yoyote Kinondoni" badala ya kutaja shule moja iliyokubali kumpokea. Jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la shuleni. Au kila ofisi imeachiwa nakala halisi na mzazi hakubaki na kitu. Toa kopi tatu za kila karatasi kabla haijatoka mkononi mwako.

Kidato nacho kinaamua tarehe ya kuhama. Dirisha zuri ni likizo ya Desemba, mtoto akiwa amemaliza kidato cha kwanza, au amemaliza mtihani wa kidato cha pili na anaingia cha tatu. Wa kidato cha nne akishasajiliwa NECTA, baraza la mitihani, namba yake ya mtihani imefungwa kwenye kituo cha shule ile. Usimng'oe. Mtafutie bweni, hosteli au ndugu wa kukaa naye hadi Novemba amalize, wewe utangulie. Inauma kutengana naye miezi kadhaa, tunajua, lakini kuhama katikati ya mwaka ule kunaweza kumgharimu mtihani wenyewe.

Jambo jingine la kumaliza kabla ya kufunga mizigo: kama mahakama ilishatoa amri kuhusu mtoto anaishi na nani na mzazi mwenzako anamwona lini, rudi pale pale kwanza kuhusu kuhama mkoa.

Njia ndiyo ada ya siku hizi

Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini nauli ipo. Mwanafunzi analipa shilingi 200 kwa daladala. Akipanda gari mbili kwenda na mbili kurudi ni 800 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni 17,600 kwa mwezi. Hela hiyo inabebeka. Kinachomchosha mtoto ni kukataliwa. Konda anahesabu wanafunzi, wakifika wawili watatu anawafungia wengine mlango, maana kiti cha mia mbili anataka akiuze kwa bei ya mtu mzima. Wengine wanaamua kugeuza nalo, yaani kupanda gari linaloelekea mwisho wa ruti ili warudi nalo wakiwa wamekaa, na wanalipa mara mbili.

Tunachokitafuta ni mtaa ambao mtoto anafika shule kwa gari moja, na ukiwezekana uwe karibu na gari linapoanzia: Makumbusho, Tegeta Nyuki, Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu, Mbezi. Kituo cha katikati ya ruti, saa 12:00 asubuhi gari zinapita zimejaa na hazisimami. Mtaa wenye kodi iliyopungua kwa elfu 30 ulio katikati ya ruti unaweza kumfanya mtoto achelewe shule kila wiki.

Hapo kwenye Mbezi wageni huchanganya. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Mbezi Louis, ambayo wengi huita Mbezi ya Kimara, iko barabara ya Morogoro, kwenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Dalali akikwambia "Mbezi" kwenye simu, muulize barabara gani kabla hujatuma hela ya kuoneshwa nyumba.

Mtoto akipata shule za mjini, kama Azania, Jangwani, Zanaki, Kisutu au Tambaza, ukanda wa mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake, kati ya Kimara, Ubungo na Magomeni unasaidia sana, kwa sababu basi halikai kwenye foleni. Ila kaa ukijua kwamba mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani na huduma husimama kati ya Magomeni na Fire. Mtoto anabaki upande wa mjini, wewe labda uko Ubungo. Panga naye mapema mahali pa kukusubiri penye mtu mnayemfahamu, na awe na akiba ya nauli ambayo haiguswi kwa chipsi. Kigamboni kodi ni nzuri na pametulia, lakini kwa shule ya mjini kila siku ni pantoni, na kivuko kimoja kikiwa matengenezo foleni inakula saa nzima. Kigamboni inafaa kama shule nayo iko Kigamboni, au Kurasini na Temeke kupitia Daraja la Nyerere.

Mtaa uuone mara tatu

Ukioneshwa nyumba Jumapili saa 5:00 asubuhi umeona ukuta na rangi tu. Tunakwenda mara tatu, na tunakuomba mara moja kati ya hizo uwepo mwenyewe.

Ya kwanza ni saa 11:45 alfajiri siku ya kazi. Unatembea kutoka mlangoni hadi kituoni na saa mkononi. Zikizidi dakika 15, hiyo nyumba inahitaji bodaboda, na hapa tunasema wazi: binti wa miaka 15 kupandishwa kila siku na bodaboda yuleyule asiyefahamika ni hatari ambayo wazazi wengi wameijutia. Lifti zinaanza, zawadi ndogo zinafuata. Kama boda haiepukiki, nenda kijiweni, onana na kiongozi wao, chagua dereva mtu mzima mwenye familia mtaani, mlipe wewe mwenyewe kwa wiki. Mtoto asilipe wala asikopeshwe.

Mara ya pili ni saa 9:30 alasiri, na hii ndiyo tunayoipa uzito kuliko zote. Simama kituoni uwafuate wanafunzi wanaoshuka, uone wanaishia wapi. Wakiishia uwanjani, kwenye tuisheni, madrasa au mazoezi ya kwaya, mtaa una pa kuwashikia. Wakiishia kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonesha video na mpira, au wakakaa kwenye mashine za dubwi, zile za kamari ya sarafu, wakiwa na sare, umepata jibu. Hesabu mashine hizo kutoka kituoni hadi nyumbani, maana zinawekwa mlangoni mwa duka, pale pale mtoto anapotumwa chumvi. Uliza muuza duka swali moja: wanafunzi wanaruhusiwa kucheza hapa? Namna anavyojibu itakueleza mengi kuhusu watu wazima wa mtaa huo.

Mara ya tatu ni saa 3:00 usiku, Ijumaa au Jumamosi. Sikiliza baa, sikiliza kama kuna kigodoro, yaani ngoma ya mtaani ya kukesha, tazama taa zinazowaka njiani, hasa kichochoro cha mwisho. Sinza iko karibu na kila kitu, lakini kuna mitaa yake ambayo muziki hauzimwi mpaka alfajiri, na mtoto wa kidato cha tatu hawezi kusoma hapo.

Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji au mwenyekiti atakwambia kama ulinzi shirikishi unafanya kazi na mchango wake ni kiasi gani. Uliza pia matukio ya panya road, yaani magenge ya vijana wanaopora. Mwenye mtoto wa kiume aulize zaidi, kwa sababu msako ukipita, kijana mgeni asiyejulikana na mjumbe wake ndiye anayebebwa. Ukishahamia, barua ya utambulisho kutoka mtaa uliotoka ipeleke wiki ya kwanza, uende na mwanao mwenyewe, mjumbe amwone sura.

Geti si mlinzi

Wazazi wengi wanaolea peke yao hutuomba nyumba ya kujitegemea ndani ya ukuta, geti lake mwenyewe, wakiamini ndiyo salama. Kwa mtoto wa miaka 14 hadi 17 anayeshinda peke yake, sisi hushauri kinyume. Geti likishafungwa, hakuna anayejua nani kaingia wala mtoto katoka saa ngapi. Ua wenye wapangaji watatu au wanne, ambamo mchana kuna mama mmoja anashona, anauza maandazi au analea mjukuu, unakupa jicho ambalo hela hainunui. Tukikagua ua wa namna hiyo tunamtafuta huyo mama kwanza, tunasalimiana naye, tunauliza amekaa hapo muda gani. Akisema miaka sita, nyumba hiyo inapanda juu kwenye orodha. Na tunauliza pia kuhusu wanaume waliopanga humo ni kina nani, bila aibu.

Vyumba: chukua vyumba viwili kuliko "chumba na sebule". Sebule ikigeuzwa chumba cha kijana, kila mgeni anampitia kitandani, na kama wewe ni mama na mwanao ni wa kiume mwenye miaka 16, nyote mtakosa stara. Vyumba viwili vya kawaida visivyo na sebule, kila kimoja na mlango wake, vinawafaa zaidi hata kama choo ni cha kuchangia. Choo hicho kikague kwa ndani: kitasa kifunge, taa iwepo, na mtoto asiende nje ya ua usiku.

Maji yana uhusiano wa moja kwa moja na masomo. Watu wawili hutumia kama lita 120 kwa siku, yaani madumu sita ya lita 20. Tangi la lita 1,000 linawavusha siku nane, la lita 500 siku nne. Uliza majirani, usimuulize dalali, maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kama ni kisima, onja: mitaa mingi ya Dar maji yake ni ya chumvi, hivyo ya kunywa na kupikia utayanunua. Pasipo tangi, anayebeba madumu saa 10:00 jioni ni mwanafunzi wako.

Kwa mafuriko, usisubiri masika. Tazama milango ya majirani: penye tofali moja au mbili zilizojengwa kama kizingiti, au viroba vya mchanga kando ya ukuta, maji huingia ndani hapo. Tafuta pia mstari wa tope kwenye kuta za uani, ambazo hazikupakwa rangi mpya.

Umeme, hakikisha mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, ni yako. Mita ya kuchangia huleta ugomvi usiku, wa kwanza kusemwa ni mtoto anayewasha taa kusoma.

Hela na mkataba

Kodi ya 250,000 kwa miezi sita ni 1,500,000. Ongeza ya dalali, mwezi mmoja, inakuwa 1,750,000 kabla ya kirikuu, gari dogo la kubeba mizigo. Ukiwa na kipato kimoja, omba miezi mitatu ya kwanza. Baadhi ya wenye nyumba hukubali wakiona barua ya mwajiri, na miezi mitatu inakupa njia ya kutoka kama mtaa umemshinda mtoto. Usilipe kabla ofisi ya mtaa haijathibitisha mwenye nyumba ni nani. Fedha iende kwenye akaunti au namba yenye jina lake, mkataba usainiwe mbele ya shahidi, na jina la mwanao liandikwe humo kama mkazi.

Mtoto tunamleta mwishoni, nyumba zikiwa zimebaki mbili au tatu ambazo wewe umeshazikubali kwa bei na usalama. Hapo achague yeye. Mwache atembee mwenyewe hadi kituoni na kurudi, kisha umuulize ameona nini. Mara nyingi ataona kitu ambacho sisi sote tulikipita.

Ukitaka tuanze kukutafutia, tutumie mambo matano kwenye ujumbe mmoja: kidato cha mwanao na shule mliyoiomba, mahali unapofanyia kazi, saa unayofika nyumbani, kodi ya juu kabisa unayoiweza, na kama ni wa kike au wa kiume. Kwa wanaolenga Januari, ujumbe huo utufikie kabla ya katikati ya Oktoba, kwa sababu kuanzia Desemba nyumba zilizo karibu na shule huwa zimeshachukuliwa.