Sonona haimfanyi mtu kuwa mwandishi, wala haimzuii

Ndugu Mhariri,

Kila zikisikika habari za mwandishi au msanii aliyeugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, maneno ni yale yale: kwamba uchungu ndio unaomfundisha mtu kuandika, na kwamba akitibiwa kalamu itakauka. Wapo vijana wanaoyaamini maneno haya hadi wanaacha dawa katikati ili wasipoteze kipaji. Sisi wawili, mmoja mwalimu wa uandishi na mwingine muuguzi wa afya ya akili, tunaomba nafasi katika ukurasa wenu tueleze jambo hili linavyokwenda, maana ushauri wanaopewa vijana hawa ni wa juu juu mno.

Sonona inapunguza umakini. Mtu anasahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika kwenye nukta. Kuamua jambo dogo, kama mhusika aitwe nani, kunamchosha kama kazi ya kutwa. Baadhi huamka alfajiri mno na kuzidiwa asubuhi, kisha hulegezewa kidogo kuelekea jioni. Baya zaidi kwa mwandishi ni kwamba sonona inaharibu hukumu yake juu ya kazi yake mwenyewe. Ukurasa ule ule unaoonekana takataka leo, wiki mbili baadaye akiwa na nafuu atauona unafaa kusahihishwa. Ndiyo maana miswada mingi huchanwa au kufutwa kwenye simu usiku. Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza anayetajwa sana katika hoja ya uchungu na kipaji, alipozidiwa aliacha kuandika kwa miezi. Vitabu vyake ni kazi ya vipindi vya nafuu.

Kwa hiyo matibabu yatangulie. Mtu asingoje ajione "amechanganyikiwa" ndipo aende hospitali. Kwetu sonona mara nyingi huja kwa sura ya mwili: kichwa, kifua kubana, uchovu usioisha, kukosa usingizi, na mgonjwa anatibiwa malaria au taifodi mara kadhaa bila nafuu. Katika baadhi ya vituo kuna dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, ambalo limekwisha kutumika kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Anayefikisha 10 au zaidi anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo halingoji jumla: jibu lolote lisilo sifuri ni la kwenda kituoni siku hiyo hiyo, tena na mtu wa kumsindikiza. Daktari pia atataka kupima damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu na uzito wa mawazo unaofanana na sonona.

Kuhusu dawa, waandishi hukosea mambo machache, na yanarudiwa sana. Fluoxetine, moja ya dawa za sonona, kwa kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Anayeacha wiki ya pili akisema "haifanyi kazi" hajaipa muda. Amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, hunywewa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Asubuhi yake mtu anaweza kuamka mzito, mdomo umekauka na maneno hayaji. Mwandishi huona huo ndio ushahidi kwamba dawa inaua kipaji. Mara nyingi tatizo ni saa au kiasi: amweleze daktari, aulize kama dozi inaweza kusogezwa mapema jioni au kubadilishwa. Wapo pia wanaosema dawa imewafanya wasihisi chochote, si huzuni wala furaha. Hilo ni jambo la kweli, linajulikana kwa madaktari, na lina marekebisho. Asilopaswa kulifanya ni kuacha ghafla, wala kuacha mara tu anapojisikia vizuri, maana dawa huendelea kwa miezi kadhaa baada ya nafuu, mara nyingi 9 hadi 12, ili ugonjwa usirudi.

Kuna jambo moja ambalo waandishi hulificha kwa sababu wanaliona ni neema. Mtu analala kwa muda wa saa 2 au 3 tu kila usiku, siku kadhaa, bila kuchoka, anaandika usiku kucha, maneno yanamiminika, anaongea haraka, anatumia fedha ovyo, anaanzisha riwaya tatu kwa mpigo. Hali hiyo inaweza kuwa upande wa pili wa ugonjwa mwingine, ambamo hisia hupanda mno kisha huporomoka. Dawa za sonona peke yake zinaweza kuichochea. Ni lazima daktari aambiwe, hata kama hakuuliza.

Sasa kalamu yenyewe. Mwandishi mwenye afya huambiwa aandike maneno 1,000 kwa siku. Ushauri huo ukimfikia mwenye sonona unamvunja kabisa: siku ya kwanza anashindwa, ya pili anajilaumu, ya tatu hafungui daftari. Kiwango chake kiwe dakika 10 kwa saa ya ukutani, na sentensi moja ihesabiwe kuwa siku imetimia. Maneno 100 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 500. Kwa wiki 50 ni 25,000, na hiyo ni riwaya fupi. Nusu ya siku zikipotea kwa ugonjwa bado yanabaki maneno 12,500, yanayotosha hadithi fupi tano au sita. Hesabu hii tunaipenda kwa sababu imekwisha kuziweka ndani siku mbaya, na mtu hana deni la kulipa akinyanyuka.

Kuanza ndiko kugumu kuliko kuendelea. Hivyo asimalize kila kitu alichonacho kichwani. Aache sentensi ya mwisho nusu, na juu ya ukurasa unaofuata aandike kwa maneno machache kitakachokuja: "mama anarudi sokoni, anakuta mlango wazi." Kesho yake hatakutana na ukurasa mtupu. Daftari la karatasi, kaunta buku la kawaida, ni bora kuliko simu, kwa sababu simu ina ujumbe na habari za watu, na ni rahisi kufuta. Aandike upande mmoja wa karatasi, wa pili ubaki wa masahihisho. Mkono ukigoma, arekodi sauti dakika mbili akiwa amelala, aandike baadaye. Na iwepo amri moja isiyovunjwa: hakuna kuchana wala kufuta chochote kabla ya wiki 2 kupita, na kusoma kwa ajili ya kuhukumu kufanywe saa ile mtu anapokuwa na nafuu ya siku, kwa baadhi jioni.

Hapa ushairi wetu wa jadi una faida ambayo walimu wachache wanaitumia. Siku mawazo yanapozunguka bila kutua, kazi yenye mipaka hushikika. Ubeti wa utenzi una mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 8, vina (silabi za mwisho wa mshororo) vitatu vya kwanza vikilingana na cha nne kikiwa cha bahari, yaani kinarudi mwishoni mwa kila ubeti. Jumla ni mizani 32, basi. Kwa mfano:

Maji yako mtungini,
Na mkaa u jikoni,
Kalamu i mkononi,
Neno moja lanitosha.

Hausemi kitu kikubwa. Lakini anayeutunga analazimika kukumbuka kwamba *m* ya "mtungini" ina mizani yake, anahesabu kwa vidole, anatafuta neno la tatu lenye kina cha *ni*, na kwa dakika hizo akili haipo kwenye lawama. Kesho ataongeza mwingine unaoishia na *sha*. Mwenye nguvu kidogo aende kwenye tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili). Shairi huru tunalipenda pia, ila siku mbaya halimpi mtu pa kushika.

Tuseme wazi pia kwamba si kila kuandika kunaponya. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alichapisha mwaka 1986 utafiti wa kuandika kuhusu mambo mazito, dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Tafiti nyingi zimefuata. Faida ipo, ni ndogo, haimfikii kila mtu, na mara tu baada ya kuandika moyo huwa mzito zaidi. Zoezi hilo lisifanywe usiku kabla ya kulala, wala siku ambayo mawazo ya kufa yapo. Kipimo chetu ni hiki: baada ya dakika 20, je, ukurasani kuna kitu kipya, mtu, saa, mahali, rangi ya mlango? Au ni sentensi ile ile, "kwa nini mimi", kwa kurasa tatu? Ikiwa ni ya pili, huko ni kuwaza tu kwa kalamu, na kuwaza huko kunailisha sonona. Ageuze "mimi" kuwa "yeye". Aache "kwa nini", aulize "lini, wapi, ilikuwaje". Ikishindikana afunge daftari, atoke nje atembee.

Msomaji wa kwanza awe mmoja, anayeaminika, asiye mwepesi wa kusifu wala kubeza. Asitume shairi kwenye kundi la WhatsApp saa 6 usiku kisha akakesha akingoja alama za kusomwa. Kazi zikienda kwa wahariri, achague siku moja ya mwezi ya kutuma zote, aziorodheshe kwenye jedwali (kazi, ilikotumwa, tarehe), kisha aanze nyingine kabla ya majibu. Wanaolenga mashindano, kama Tuzo ya Kiswahili ya Safal iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, wajiwekee tarehe yao ya kumaliza mwezi mzima kabla ya ile ya mwisho. Wiki mbili za kuugua zitakuwa na mahali pa kukaa.

Ndugu Mhariri, tuna maombi kwenu na kwa magazeti mengine. Kwanza, kurasa za mashairi na hadithi zichapishe masharti kamili: idadi ya maneno au beti, na muda ambao ukipita bila jibu mwandishi ajue kazi haikuchukuliwa. Ukimya usio na mwisho, mwenye sonona huusoma kama hukumu juu ya nafsi yake. Pili, mwandishi au msanii akijiua, msieleze njia aliyotumia wala mahali, msiweke kwenye kichwa cha habari, msidai kwamba sanaa ndiyo iliyomuua, na chini ya habari hiyo wekeni namba na mahali pa kupata msaada. Shirika la Afya Duniani limeeleza hivyo katika mwongozo wake kwa wanahabari, na sababu ni kwamba habari zenye maelezo ya njia hufuatiwa na vifo vingine. Tatu, mkimhoji mwandishi anayeishi na sonona, muulizeni anafanyaje kazi: saa ngapi, wapi, kwa kiasi gani, nani anayesoma kazi yake kwanza. Majibu ya maswali hayo kijana aliye Handeni au Lushoto anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Wenu,
Mwalimu wa uandishi na muuguzi wa afya ya akili,
Tanga