Nitapunguaje Wakati Sinia Ni Moja?

Dada Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 51, watoto wanne na wajukuu wawili. Kila ninayemweleza jambo langu analiona dogo, kwa sababu anadhani nauliza nile nini. Cha kula nakijua. Kinachonishinda ni kukila ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nianze na mwili. Kazi yangu ni kupima viuno vya watu, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya kuhusu changu. Nilipoingia miaka ya arobaini nilikuwa najishonea kwa inchi 34. Leo futi inasoma 41. Ajabu yake ni kwamba nyonga hazijaongezeka sana, na mikono imenywea kidogo. Magauni ya zamani yanapita nyonga vizuri kisha yanakwama kiunoni. Na si mimi peke yangu. Nina daftari la vipimo vya wateja, wengine nawashonea tangu mabinti zao wako chekechea na sasa nawashonea mabinti za harusi. Ukifungua kurasa za wale wa rika langu utaona nyonga ni zile zile, kiuno kimekimbia.

Kumbe lina sababu. Muuguzi wa kliniki ya presha alinieleza kwamba mwanamke akikaribia kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga yanaanza kukaa tumboni. Huko yanazunguka ini na matumbo, ndiyo maana ni mabaya kuliko ya mapajani. Misuli nayo hupungua umri unavyokwenda, na misuli ndiyo inayotumia chakula hata mtu akiwa amekaa. Kwa hiyo sahani niliyokuwa nikiimaliza na miaka 35 bila shida, leo mwili unairudishia chenji na chenji yote inawekwa tumboni.

Kuhusu kukaa, nina langu la kusema. Zamani nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, siku nzima miguu inafanya kazi. Sasa nina ya umeme, nagusa tu kwa kidole cha mguu. Sokoni nilikuwa naenda kwa baiskeli kama watu wote wa mji huu, siku hizi bajaji inasimama mlangoni. Kila kilichonirahisishia maisha kimenipunguzia na hatua.

Huko kliniki nilipelekwa na maumivu ya kichwa na kutolala. Presha ilikuwa 148 kwa 94. Sukari kabla ya kula 6.4, akasema si kisukari bado, kisukari kinaanzia 7, ila niko mlangoni. Uzito kilo 84, na mimi ni mfupi wa sentimita 158. Kiuno alikipima akapata sentimita 104, akasema kwa mwanamke kikishapita 88 hatari ya moyo na kisukari inapanda sana. Nikamwambia hiyo 88 ni inchi 35 kasoro kidogo, mimi nimeiaga zamani. Akacheka. Nampenda yule muuguzi kwa sababu hakunitisha. Alisema hanitaki nirudi usichana. Nikitoa kilo 5 au 6 tu na nikabaki hapo, presha na sukari kwa kawaida huitikia. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, na anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi anakuuzia kupungua maji na misuli.

Masharti yake nayo yalikuwa ya kibinadamu. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wali au ugali, robo iliyobaki samaki, dagaa, mayai au maharage, ili misuli isizidi kuisha. Dagaa alizisifia zaidi kwa sababu tunazila na mifupa yake, na mifupa yetu wanawake inalegea haraka hedhi ikishakoma. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Mafuta nipime kwa kijiko, nisimimine kutoka kwenye dumu, kwa sababu kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120, yaani ndizi mbivu moja na ushee, na sisi tunakaangia vitunguu kwa vijiko vingapi? Nitembee nusu saa siku tano za wiki, na siku mbili nifanye kitu cha kutumia nguvu, hata kunyanyua ndoo za maji.

Sasa dada yangu, tazama nilipofika. Chai nimeiweza. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vya sukari vijiko vitatu vitatu, tisa kwa siku kabla hujahesabu andazi, wakati muuguzi alitaka nisizidi kama sita kwa sukari yote ya siku. Nimeshuka hadi kijiko kimoja, natia iliki na tangawizi kwa wingi, na hakuna aliyeniuliza, maana kikombe ni changu. Kutembea nimekuweza. Baada ya swala ya alfajiri natoka na shoga yangu tunakwenda mpaka Raskazone na kurudi, miguu ni yangu. Kwa hayo mawili kilo mbili zimeondoka.

Chakula cha mchana na cha usiku ndicho kilichonishinda, kwa sababu hakiko mikononi mwangu.

Nyumba yetu tunaishi mimi, mume wangu, mama mkwe, mke wa mwanangu na wajukuu. Kwa kuwa nashinda kwenye cherehani, anayepika ni mkamwana, na anayesimamia jiko akiwa kwenye kigoda chake ni mama mkwe. Mume wangu hupakuliwa yake. Sisi wanawake na watoto tunakula sinia moja. Wali wa nazi katikati, mchuzi pembeni, mchicha kidogo umekaa kama pambo. Niambie, nusu ya mboga na robo ya wali unaipimaje kwenye sinia? Kila mtu anakula upande wake, na upande wako ukipungua kuna mkono utakusogezea. Mkwe wangu ana tabia ya kuchambua samaki akaweka minofu mbele yangu, na akiweka minofu anaweka na wali wa kuisindikiza. Ni mapenzi. Miaka ishirini na kitu ananifanyia hivyo, tangu nimekuja mwali. Nikiinuka mapema anauliza, "Mbona umechokora tu? Kuna mtu kakuudhi?" Na mkamwana anainama, anajua kapika vibaya.

Siku moja nilichukua sahani nikajipakulia mwenyewe, mchicha mwingi, samaki, wali kiganja kimoja, nikakaa hapo hapo mkekani pamoja nao. Nyumba ilinyamaza. Kwetu mtu anayejitenga na sinia amegombana na wenzake, au ana ugonjwa anaouficha. Mkamwana alikuja chumbani usiku analia, kaniuliza amekosa nini. Nimemweleza presha, amenielewa, lakini nikirudi na sahani yangu namwona uso unabadilika.

Nikajaribu kuingilia jikoni kwa adabu. Nikapendekeza mchuzi upikwe kwa tui la pili, lile jepesi, tui zito liachwe kwa siku za wageni. Mama mkwe akaniuliza kama nazi zimepanda bei. Nikasema ni kwa ajili ya afya. Akasema mama yake alikula nazi kila siku ya Mungu na alizikwa akiwa na meno yake yote. Ningemjibu kwamba mama yake alilima, akachota maji kisimani na kutwanga kwa kinu, lakini nilinyamaza. Mama mkwe ni mama mkwe. Kupika vyungu viwili, kimoja changu na kimoja chao, kwa bei hii ya gesi na mkaa sioni kama ni jambo la kuzungumza.

Usinishauri zile dawa, tafadhali. Kikundi chetu cha upatu wamejaa chai ya kuondoa tumbo, pakiti inauzwa bei ya kitenge. Nilinusa majani yake nikayajua papo hapo, ni sanamaki, ile ile tuliyopewa na bibi tulipokosa choo. Shoga yangu mmoja aliinywa, akashinda chooni, akafurahi mzani umeshuka, akanywa maji mzani ukarudi. Mwingine ameacha wanga wote, hataki ugali, hataki hata kunde, anakula mafuta na nyama. Alipungua haraka wiki za kwanza, sijui amehifadhi kiasi gani, ila najua kwamba mwenye mume, mkwe na wajukuu hawezi kuishi Tanga bila wali wala muhogo labda ahame. Mwingine alilipia orodha ya chakula kwa simu, imejaa brokoli na matufaha. Mapapai, mapera na matembele yameoza sokoni kwa kukosa wateja, yeye anatafuta brokoli.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo limenifanya niandike kwako badala ya kuuliza mtaani. Tangu Idi ya kuchinja sijaona siku zangu. Muuguzi ameniambia hesabu ya kukoma ni miezi 12 mfululizo, kwa hiyo bado kidogo, lakini dalili zote ninazo. Usiku joto linanipanda ghafla kifuani na usoni, natupa shuka, nafungua dirisha, baada ya muda nahisi baridi. Kesho yake nina njaa isiyoeleweka na hamu ya vitamu. Kasema hilo nalo ni la kukosa usingizi. Saa nne asubuhi kijana wa maandazi akipita dukani ndiyo vita yangu kubwa ya siku.

Mume wangu hajui. Namwambia ni presha. Si mtu mbaya, dada, nikikaa naye barazani tunacheka kama zamani. Lakini nikisema napunguza mwili ananiuliza, "Mimi nimekulalamikia?" Halafu kwa mzaha anasema nikikonda watu watadhani ameishiwa, hanilishi. Mzaha wenyewe una ukweli, maana hapa mwanamke akinawiri sifa anapewa mumewe, na akipungua watu wanaanza kuuliza anaumwa nini, kwa sauti ya kunong'ona. Mteja mmoja ameshaniuliza, na kilo zenyewe ni mbili! Naogopa nikimwambia mume wangu kwamba hedhi inakoma atasikia neno moja tu, uzee. Mtaani kwetu nimeona mwanaume akioa mke wa pili kwa sababu hiyo hiyo, na aliitamka bila haya mbele ya wazee. Sijui kama wangu ana mawazo hayo. Hajawahi kuyaonyesha. Lakini kukaa kimya kumenifanya nionekane nina siri: nalala mbali naye kwa sababu ya joto, naamka alfajiri natoka, sili vizuri, na mwili unapungua. Ningekuwa yeye hata mimi ningejiuliza.

Kwa hiyo nakuomba unisaidie kwa haya. Nikae vipi kwenye sinia lile lile bila kujitenga, nipate mboga zangu na wali kidogo, mkwe asiumie na mkamwana asijione ameshindwa? Nimewaza nianze kuinunua mboga mimi mwenyewe nikitoka kutembea, mchicha, bamia, matembele, mafungu mengi kiasi kwamba hawana budi kuyapika yote, sinia lijae kijani lenyewe. Au nichukue jiko siku mbili za wiki, nipike samaki wa kuchoma na kunde, waone kwamba hawajafa. Lakini nikiingia jikoni naogopa mkamwana ataona namnyang'anya nafasi yake. Wewe ungeanzia wapi? Au nimpeleke mama mkwe kliniki akapimwe presha na yeye, aambiwe na muuguzi kile ambacho mimi siwezi kumwambia? Ana miaka 74 na sina kumbukumbu kama amewahi kupimwa.

Na kuhusu mume wangu, nimwambie lini, na nianze na lipi? Nianze na sukari na presha, ambavyo hakuna mwanaume anayevibishia, kisha hedhi nimwambie ikishatimia miezi 12? Au nimwambie yote kwa pamoja?

Ningekuomba unijibu mapema. Shaabani imekaribia, na Ramadhani kwetu si mwezi wa kupungua. Futari moja ina magimbi ya nazi, tambi za sukari, mihogo, kalmati na uji, na bado daku inakuja na wali. Mwaka jana nilifunga vizuri na nikatoka Idi nimeongezeka. Muuguzi amenitaka nirudi nipimwe kabla ya mfungo, na anataka nije na mtu mmoja wa nyumbani. Sijaamua nimchukue nani.

Wako,
Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga