Kona ya sebule inatoa maji: nifunike kwa marumaru au nivunje jamvi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niulize jambo ambalo limetugawa nyumbani tangu Desemba, nikiamini kwamba miongoni mwa wasomaji wako wapo mafundi na watu waliojenga kabla yetu.

Tunaishi Kibamba, katika nyumba ya vyumba vitatu tuliyohamia miaka sita iliyopita ikiwa haijakwisha, kama wengi wa huku tunavyofanya: bati juu, grili madirishani, na chini jamvi tupu (sakafu ya zege isiyomaliziwa) ambalo nililifunika kwa zulia la plastiki nikijiambia kuwa ni la miaka miwili tu. Tulipogawana fedha za kikoba mwishoni mwa mwaka, na mume wangu akaongeza za kwake, tulifikisha shilingi milioni 3. Tulikubaliana kwamba ziende sakafuni, na makubaliano yetu yaliishia hapo.

Mume wangu anataka marumaru (tailizi, kama mafundi wanavyoziita) nyeupe zinazong'aa, za sentimeta 60 kwa 60, sebuleni, koridoni na katika chumba cha mama yake. Mimi pia ninazipenda. Sebule nimeipima mwenyewe: ni mita 5 kwa 4.2, yaani mita za mraba 21. Boksi la marumaru 4 za ukubwa huo linafunika mita za mraba 1.44, hivyo ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na zitakazovunjika, unahitaji maboksi 17. Daftari lenye hesabu hizo nimezunguka nalo madukani Kariakoo hadi baadhi ya wauzaji wananikumbuka kwa sura. Kinachonisumbua ni kona moja ya sebule, ile ya upande wa jirani wa juu, mwenye kiwanja kilichoinuka kuliko chetu.

Masika iliyopita niliinua zulia ili nilianike, nikakuta upande wake wa chini ni mweusi kwa ukungu, na juu ya jamvi kuna unga mweupe kama chumvi ambao ukiufuta leo, baada ya siku chache umerudi. Nilidhani ni bomba. Usiku mmoja tulifunga koki zote, nikaandika namba za mita ya DAWASA kabla ya kulala, na asubuhi nikazikuta zilezile. Ndipo jirani aliyewahi kufanya kazi za ujenzi aliponielekeza nibandike kipande cha nailoni cha kama nusu mita kila upande juu ya sakafu, nikizibe pembeni kwa selotepu na kukiacha saa 24. Nilibandika viwili. Cha katikati ya sebule kilikuwa kikavu, lakini chini ya kile cha kwenye kona matone yalikuwa yametanda kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Maji yanapanda kutoka ardhini.

Sababu nadhani ninaijua, na inaniuma kuiandika. Siku ya kumwaga jamvi nilikuwepo, nikiwapikia mafundi chai, na niliona nailoni ya kutandika chini ya zege ikiisha kabla ya kufika kwenye kona hiyo. Fundi alisema, “Hapa patatosha tu, mama,” nami nikanyamaza kwa sababu duka lilikuwa mbali na zege lilikuwa limeshachanganywa. Baadaye jirani wa juu alijaza kifusi kwake, na sasa udongo wa nje ya ukuta wetu umepita usawa wa jamvi kwa kiasi cha shubiri moja, kwa hiyo mvua ikinyesha maji husimama pale pale.

Tumeita mafundi wawili. Wa kwanza, aliyeletwa na mume wangu, anasema apange marumaru juu ya jamvi lililopo kwa udongo mzito wa saruji na mchanga, amalize kabla ya masika, kwa kuwa marumaru zenyewe zitazuia unyevu. Wa pili, mzee kidogo, aligonga jamvi kwa mpini wa nyundo akiwa amechuchumaa kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akashauri tuchimbe mfereji nje sasa hivi na tusubiri mvua ziishe. Mwezi Juni tuvunje eneo la kama mita 3 kwa 2, tutoe udongo wenye maji, tushindilie kifusi, tutandike nailoni ikipandana na ile ya zamani, tumwage zege na kulimwagilia, kisha tusubiri angalau siku 28 na kuhakikisha limekauka kabla ya kupanga chochote. Kazi hiyo itakula zaidi ya theluthi ya fedha zetu, na koridoni itabidi pabaki hivyo hivyo.

Moyo wangu uko kwa huyu wa pili. Nimeona nyumba ya mtaa wa nyuma ambako marumaru ziliwekwa juu ya sakafu yenye unyevu. Ukizigonga kwa sarafu zinalia kama debe tupu, na mbili zimeinuka kingo. Lakini mume wangu anasema fedha hazitafika Juni, zitageuka ada za shule, na kwa historia yetu siwezi kumbishia.

Yupo pia mama mkwe, mwenye miaka 76 na fimbo yake, ambaye huamka usiku mara mbili kwenda chooni. Yeye anataka niru nyekundu (saruji laini ya kupaka sakafuni) kama ya nyumbani kwake Muheza. Mwanawe alipomwambia kwamba niru ni mambo ya zamani, alijibu, “Zamani hatukuteleza, baba.” (Niru iliyosuguliwa sana nayo huteleza ikilowa, ila sikuona busara ya kuingilia hapo.)

Naomba basi wenye ujuzi wanisaidie. Je, mfereji peke yake unaweza kuikausha kona hiyo, au bila kuvunja ni kujidanganya? Tukivunja, zege jipya na la zamani huunganishwaje ili ufa usije ukapita chini ya marumaru na kuzipasua? Dawa za kupaka za kuzuia maji zinazouzwa madukani zinafaa pale ambapo maji yanasukuma kutoka chini? Na je, ni busara kununua maboksi sasa, yote ya toleo moja ili rangi isitofautiane, na kuyahifadhi hadi Juni, ili fedha zisipate mahali pengine pa kwenda? Kwa chumba cha mama na koridoni ningependa kujua pia kama marumaru zenye uso wa kukwaruza husafishika kwa urahisi, maana vumbi la huku si la mchezo.

Fundi wa kwanza alipanga kuja Jumamosi na vijana wake. Nimempigia simu nikamwambia tuna msiba wa mbali, na mume wangu bado hajajua.

Mama wa sebule yenye kona,
Kibamba, Dar es Salaam