Kikombe cha jicho lako si hukumu

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Babako hajambo, na mjukuu wetu tunamsalimu sana. Karatasi ya kiliniki uliyoipiga picha nimeisoma yote, na nimeuona mstari uliokunyima usingizi: kikombe 0.6 macho yote mawili, anashukiwa glaukoma. Glaukoma ni ugonjwa unaoua polepole neva ya jicho. Lakini unashukiwa tu, mwanangu. Ngoja nikueleze hicho kikombe ni kitu gani.

Nyuma ya jicho, nyuzi za neva takriban milioni moja hukusanyika na kutokea kwenye tundu lenye upana wa milimita 1.5 hadi 2, kisha zikaelekea kwenye ubongo. Daktari akimulika, huliona tundu hilo kama kisahani, na katikati yake pana kishimo kisicho na nyuzi. Kishimo ndicho kikombe. 0.6 maana yake kimechukua sehemu sita kati ya kumi za urefu wa kisahani. Sasa wafikirie watu wale wale wakikaa pembezoni mwa mkeka: mkeka ukiwa mdogo wanabanana hadi katikati, ukiwa mpana katikati hubaki wazi, wala hakuna aliyeondoka. Kisahani kikubwa kina kikombe kikubwa hata kwa mtu mzima wa afya.

Na ukubwa wa kisahani hurithiwa. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba jeni ATOH7, iliyo kwenye kromosomu ya 10, inahusiana na eneo la kisahani, na sehemu iliyo karibu na SIX6, kwenye kromosomu ya 14, inahusiana na ukubwa wa kikombe. Sisi wenye asili ya Afrika, kwa wastani, tuna visahani na vikombe vikubwa kuliko Wazungu. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Muulize daktari kisahani chako kina ukubwa gani, kisha umuulize habari ya ukingo, yaani nyama ya neva inayozunguka kikombe. Kwa kawaida ukingo wa chini ndio mnene zaidi, kisha wa juu, kisha wa upande wa pua, na mwembamba kuliko yote ni wa upande wa sikio. Glaukoma hupenda kuanza kuula ukingo wa chini au wa juu. Tofauti ya 0.2 au zaidi kati ya jicho na jicho nayo hutia shaka. Yako yamelingana, na hilo limenipa moyo.

Presha ya jicho lako ilikuwa 17, na ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Usiitegemee sana. Konea, kile kioo cha mbele, ikiwa nyembamba chini ya ule wastani wa mikroni 540 hivi, kipimo husoma presha pungufu kuliko ilivyo. Karatasi yako haina unene wa konea. Uupate.

Kinachonizuia kukwambia ulale tu ni bibi yako mzaa babako. Kilichomharibia macho kilikuwa glaukoma, si mtoto wa jicho kama jamaa walivyodhani walipokuwa wakingoja "ikomae". Mtoto wa jicho huondolewa na mtu akaona tena. Uzi wa neva uliokufa haurudi. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa 1998 ulikuta glaukoma kwa 10.4% ya ndugu wa kuzaliwa wa wagonjwa waliopimwa, na 0.7% tu kwa ndugu wa wasio wagonjwa. Hatari hufuata damu ya karibu, kwa hiyo anayetangulia kwenye foleni si wewe mjukuu, ni babako, mtoto wake, pamoja na shangazi zako. Nitampeleka Hospitali Kuu ya Pwani. Atatiwa dawa ya kupanua mboni, basi macho yatakuwa na ukungu kwa saa nne mpaka sita, hataendesha gari, na kwa jua hili la Mombasa atavaa miwani myeusi. Akija kuandikiwa timolol, matone ya kushusha presha ya jicho, lazima ataje pumu yake, kwa sababu tone likiingia mwilini hubana njia za pumzi.

Umeniuliza kama utume damu ikapimwe jeni. Kwa sasa, hapana. Jeni MYOC, iliyojulikana mwaka 1997, ikiharibika hutoa protini isiyokunjika sawasawa. Protini hiyo hurundikana ndani ya seli za chujio linalotoa maji ya jicho, maji yakakwama, presha ikapanda. Mzazi mwenye kasoro hiyo humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu. Lakini hiyo ni asilimia 3 au 4 ya glaukoma ya watu wazima, na hasa hutafutwa pale ugonjwa unapoanza utotoni au ujanani. Bibi yako alianza uzeeni. Kwa glaukoma ya namna hiyo jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, na majibu safi ya MYOC yangekupa utulivu wa bure.

Pesa hiyo itumie kwa picha ya neva na kipimo cha uwanja wa kuona. Hicho cha pili mara ya kwanza watu wengi hukikosea kwa kutokizoea, basi kirudie kabla hujaogopa majibu. Omba nakala, uzitie tarehe, uziweke mwenyewe. Baada ya mwaka zitalinganishwa na mpya, na kikombe kisichokua ndicho tunachokitafuta.

La mwisho ni la mtoto, na hili linaniuma zaidi. Umesema macho yakimwasha unamnunulia dukani yale matone yanayotuliza upesi. Soma chupa leo hii. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ndani ya wiki chache huweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu wala wekundu, na wenye glaukoma katika ukoo ndio hupandishwa zaidi. Usimtie tena bila daktari wa macho kumpima presha, na umwambie ameitumia tangu lini. Akiwashwa, mkande kwa kitambaa cha maji baridi na umzuie kusugua.

Nipigie ukishaisoma hiyo chupa, hata kama ni usiku.

Mamako